Vikombe Saba Kabla ya Kipimo cha Kwanza

Mwaka 2024 binti yangu alivunja vikombe saba. Idadi naijua kwa sababu Januari nilinunua dazeni moja pale soko la Mawenzi, hapa Morogoro, na kufikia Oktoba vilibaki vitano. Vyote alivivunja asubuhi, wakati wa chai, na kwa kila kimoja nilimsema. "Utaolewa na nani wewe, mkono haushiki chombo?" Anaokota vipande kimya, anapiga deki, anawahi shule. Alikuwa na miaka kumi na tano, kidato cha pili.

Naanza na vikombe kwa sababu jibu la kifafa chake lilikuwa hapo. Tulilitafuta kwa mashine, kwa nauli na kwa mkopo wa kikoba kwa zaidi ya miezi sita, kumbe tunalo jikoni. Jina lake silitaji, lakini yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie.

Msimu ule wa mtihani wa taifa alikuwa analala saa nane usiku na kuamka saa kumi na moja. Jumamosi moja mwanzoni mwa Novemba alikuwa uani anapiga mswaki. Mdogo wake aliona mkono unaruka mara mbili, mswaki ukadondoka, kisha akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa binadamu, akaenda chini wima kama mti. Mwili ukakakamaa, halafu ukaanza kutikisika wote. Povu, mkojo, midomo imegeuka rangi.

Tulikosea kila kitu. Mimi nilimtia kijiko mdomoni, nikamvunja jino la mbele ambalo hadi leo lina pengo dogo. Jirani alimnusisha kitunguu. Mwingine akawasha kiberiti puani. Mama mkwe wangu, ambaye kwao ni Mahenge, aliwafukuza wajukuu wengine wasikanyage povu. Mahenge kifafa kinajulikana kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Ndiko daktari mwanamke kutoka Norwe, Louise Jilek-Aall, alikofungua kliniki ya kifafa karibu mwaka 1960, na mama mkwe anakumbuka watu wakipanga foleni ya vidonge. Lakini dawa alizikumbuka pamoja na ile hofu ya zamani kwamba povu linaambukiza. Haliambukizi. Nimeshalala na mwanangu kitanda kimoja usiku mwingi tangu siku ile.

Ningejua, ningemgeuza ubavu, nikamwekea kanga chini ya kichwa, nikaangalia saa. Basi. Ikipita dakika tano bila kutulia, hapo ndipo unatafuta gari. Mimi ningeapa kwamba tukio lile lilichukua nusu saa. Lilichukua dakika mbili.

Dakika hizo nazijua kwa sababu ya kijana wa jirani aliyekuwa ukutani na simu, anarekodi. Nilipomwona nilitaka kumrarua. "Mtoto wangu ni sinema? Futa! Futa mbele yangu!" Akafuta, anatetemeka. Nilichokuwa sijui ni kwamba alishaituma kwa mjomba wa binti, kaka yangu mimi, ili aje haraka na gari. Hilo nitalirudia.

Hospitali ya kwanza walimtoboa kidole kupima sukari, wakapima malaria, wakachukua damu na mkojo. Wakati ule niliona wanapoteza muda, sasa naelewa. Sukari ikishuka mtu anaanguka hivyohivyo. Malaria ikipanda kichwani vivyo hivyo, na chumvi za damu zikivurugika pia. Hivyo vina tiba yake, na ukikipata kimojawapo huenda hakuna kifafa chochote. Hakuwa na homa, shingo haikukaza, kwa hiyo hawakumtoa maji ya uti wa mgongo. Kipimo hicho watu wetu wanakiogopa sana, wanasema kinaua, lakini kinachoua ni ule ugonjwa wa uti wa mgongo ambao mtu alicheleweshwa nao nyumbani. Kwetu hakikuhitajika.

Damu zote safi. Daktari akaandika siti skani ya kichwa, nikalipa shilingi 220,000 kituo binafsi kwa sababu nilitaka jibu siku ileile. Majibu: ubongo wa kawaida. Nilipiga vigelegele mapokezini, watu wakageuka.

Furaha ile ilinigharimu kuliko hofu. Siti skani ni picha ya umbo. Inaona damu iliyovuja, uvimbe mkubwa, na vifuko vya minyoo ya nguruwe vilivyokauka na kuwa kama punje za chokaa. Haioni jinsi ubongo unavyofanya kazi. Ni sawa na kupiga picha ya redio ukitaka kujua kama inakwaruza. Hakuna aliyenieleza hivyo, na mimi sikuuliza, "Kipimo hiki kinatafuta nini, na kisipokiona maana yake nini?" Siku hizi swali hilo naliuliza hata kwenye kipimo cha choo.

Maana yake nilipewa na mtaa. "Mashine haijaona kitu? Basi hilo si la hospitali." Sentensi hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa mganga, na nadhani inawapeleka wengi. Shilingi 180,000, kombe la kunywa, kafara ya kuku, na binti akachanjwa kifuani kwa wembe. Sijivunii. Nilikuwa na elimu ya kutosha kujua, lakini sikuwa na mtu wa kuniambia kwamba picha safi na kifafa vinaweza kukaa kwenye kichwa kimoja.

Januari akaanguka tena, asubuhi vilevile, siku moja baada ya mkesha wa harusi. Mara ya pili ikitokea mbali na ya kwanza, bila homa wala sababu nyingine, madaktari huanza kuiita kifafa. Tuliporudi hospitali tukapewa kabamazepini, dawa ya kifafa, baada ya mazungumzo ya dakika kama nne. Mimi nikashukuru, nikasimamia vidonge kama askari jela.

Kuangusha vitu kukazidi. Sasa na vijiko vinaruka. Asubuhi moja alijimwagia uji mapajani. Mganga alikuwa ametabiri kwamba "wenyewe" watakasirika tukitumia dawa za kizungu, na nakiri usiku ule nililala nikiamini.

Aliyetuzindua ni mwalimu wake wa biolojia, aliyeniambia kuna kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, na kwamba nimpeleke Dar es Salaam. Mama mkwe akagoma. "Wasimpige shoti mjukuu wangu!" Tulibishana siku mbili. Ukweli ni kwamba mashine ile haiingizi umeme wowote, inasikiliza tu. Ubongo wenyewe una umeme mdogo sana, na zile waya zinabandikwa kichwani kuusoma. Haiumi. Kuondoa ile gundi kwenye nywele baadaye ndiyo kazi.

Nywele! Machi tulipanda treni ya umeme alfajiri, tukafika Dar na appointimenti mkononi, fundi wa kipimo akamtazama binti akaniuliza, "Mama, hukuambiwa?" Siku mbili kabla nilikuwa nimempeleka saluni asukwe twende kilioni, shilingi 15,000, ili akaonekane mtoto wa watu mjini. Na nikampaka mafuta ya nazi yakang'aa. Waya lazima ziguse ngozi ya kichwa. Misuko inazizuia na mafuta yanazifanya ziteleze. Tulirudishwa. Wiki nne mbele.

Kwa hiyo anayekwenda, nywele zifumuliwe zote, zioshwe kwa sabuni usiku wa kuamkia kipimo, zisipakwe kitu chochote. Mtoto ale ashibe, maana njaa nayo inavuruga mawimbi. Dawa asiache mpaka daktari aseme. Na jambo ambalo mimi sikulijua hata safari ya pili: uliza kama anatakiwa alale usiku au akeshe.

Maana Aprili tulikwenda kichwa kikiwa safi kama cha mtoto mchanga, tukapewa nafasi ya saa tisa alasiri, binti amelala vizuri nyumbani kwa shangazi yake Mbagala. Nusu saa, shilingi 120,000. Majibu: kawaida.

Nilikaa kwenye benchi nje nikalia. Nilikuwa natamani, Mungu anisamehe, kipimo kimkute na ugonjwa. Mzee mmoja aliyekaa pembeni, mfugaji kutoka Mbozi, alinipa karanga. Yeye alianza kuanguka akiwa na miaka arobaini na tano, mkono wa kushoto ukianza. Siti skani ileile iliyonipa mimi vigelegele vya bure ndiyo iliyomwokoa yeye: ilionyesha vifuko vya minyoo ya nguruwe kichwani. "Kila mtu na kipimo chake, mama," aliniambia, akaendelea na karanga zake.

Baadaye nilielezwa kwamba karibu nusu ya watu wenye kifafa, EEG ya kwanza hutoka safi. Inarekodi kipande kifupi cha siku, na kama cheche haikuruka ndani ya nusu saa ile, karatasi haitaonyesha kitu. Kinyume chake kipo pia: kuna watu ambao hawajawahi kuanguka maishani na EEG zao zina mikwaruzo. Ndiyo maana majibu yake bila maelezo ya mgonjwa ni sawa na barua bila bahasha, hujui inamhusu nani.

Mei ndipo tulipomwona daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Mwanamke, mdogo kuliko nilivyotarajia. Nilimwekea mezani bahasha zangu zote, picha ya siti skani juu. Akazisogeza pembeni bila kuzifungua.

"Nitaziangalia. Kwanza nisimulieni."

Alianza na binti, si mimi. Kitu cha mwisho unachokumbuka ni nini? Uliposhtuka ulikuwa wapi, kichwa kinauma, misuli inauma? Kisha akanigeukia. Mama, alianzia upande gani au pande zote pamoja? Macho yalikuwa wazi au amefumba? Ulimi aliuma pembeni au nchani? Alizinduka papo hapo au alichanganyikiwa kwanza? Kila swali lina maana yake. Anayezimia kwa kawaida hurudi na akili zake mara moja. Aliyepata kifafa huchukua muda, hajui leo ni siku gani. Katika kifafa macho huwa wazi mara nyingi, na ulimi huumwa pembeni. Akauliza kuzaliwa kwake, kama alipata degedege la homa utotoni, nani mwingine kwenye ukoo anaanguka, kama tunafuga nguruwe, kama amewahi kuishi kwa bibi kule Mahenge kando ya mito yenye usubi, vijinzi vinavyohusishwa pia na kifafa.

Nusu ya maswali nilikuwa sina jibu. Nilikuwa nimefumba macho, nimepiga magoti, nimeshika kijiko. Akauliza, "Hakuna aliyerekodi?"

Hapo nikampigia kaka yangu. Video alikuwa nayo, hajaifuta. Dakika mbili. Daktari aliiangalia mara tatu, mara ya mwisho bila sauti. Nikamkumbuka yule kijana wa jirani ukutani na mikono yake inayotetemeka. (Nilimwomba radhi, lakini baada ya wiki mbili. Hata kuomba radhi nilichelewa.) Kama mwanao anaanguka, mtu mmoja arekodi, mwili mzima uonekane, uso uonekane, saa isomwe kwa sauti. Kisha video ikae kwa mzazi, isizunguke kwenye makundi ya simu.

Halafu daktari akauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa: "Asubuhi, siku ambazo hajaanguka, mikono huwa inashtuka? Inaruka yenyewe?"

"Hapana," nikajibu haraka.

"Vikombe, mama," binti akasema.

Sikuelewa. Akarudia, anatazama sakafu. "Vikombe. Mkono ulikuwa unaruka wenyewe. Nilikwambia sikukusudia."

Daktari akarusha mikono yake miwili ghafla, mabega yakapanda. "Hivi?" Binti akacheka, kisha cheko likageuka kilio, na mimi nikawa siwezi hata kumshika maana nilikuwa naona vipande vyote saba sakafuni kwangu na sauti yangu juu yake.

Ndicho kifafa chake: kifafa cha mishtuko cha vijana. Huanza umri wa kupevuka, huja asubuhi baada ya kuamka, na usingizi mdogo hukipa nguvu. Akili iko sawa, picha ya ubongo huwa safi. Na kabamazepini, dawa nzuri kabisa kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, kwa aina hii inaweza kuongeza mishtuko. Ndio waliokuwa "wamekasirika" kumbe. Alitukanya tusiiache ghafla, akatuandikia jinsi ya kuipunguza huku nyingine ikiingia.

Akaagiza vitu viwili tu. ECG ya moyo, kwa sababu wapo vijana wanaoanguka kwa mapigo ya moyo na wanatibiwa kifafa miaka. Ni kipimo cha dakika chache, cha bei ndogo, na hakuna aliyekuwa amekiwaza. Na EEG nyingine, safari hii asubuhi, baada ya kulala kwa muda wa saa nne tu.

Kukesha na mtoto wa namna hii si mchezo. Usingizi mdogo ndio unaomwangusha, na wewe unaambiwa umnyime kwa makusudi. Tulikaa sebuleni Mbagala mimi, yeye na shangazi, tukacheza karata, tukaangalia tamthilia ya Kituruki mpaka wote tukachanganya nani mume wa nani. Asubuhi hatukupanda daladala. Tulichukua bajaji, yeye katikati, kila mmoja ameshika mkono. Usimtume peke yake.

Fundi alipima kichwa kwa futi kamba, akaweka alama kwa kalamu, akabandika waya ishirini na kitu. "Kama ninasukwa tena," binti akasema. Kabla ya kuanza aliulizwa kama ana selimundu. Nikauliza kwa nini. Kumbe sehemu moja ya kipimo ni kupumua kwa nguvu na haraka dakika tatu, na kwa mwenye selimundu hilo ni hatari. Anayejua hali ya mtoto wake aseme hata kama hajaulizwa. Akapumua, akasinzia kidogo, ikaja taa inayomulika, polepole, kisha haraka, haraka zaidi. Kwa kasi fulani nikaona mabega yake yanaruka. Mara mbili. Fundi akazima taa papo hapo.

Hakusema kitu, si kazi yake kusema. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona.

Majibu yalieleza mawimbi yenye ncha nyingi, mara nne hadi sita kwa sekunde, yakitokea pande zote mbili kwa pamoja. Nikamuuliza daktari, na MRI, ile picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, je? Nilikuwa nimekopa kikoba shilingi 450,000 kwa ajili hiyo, nimezifunga kwenye kitambaa. Akasema kwa picha iliyo wazi namna hii haihitajiki. Mtu anayeanza kuanguka ukubwani, anayeanzia upande mmoja, ambaye EEG inaonyesha sehemu moja, au ambaye dawa zimekataa, huyo anaihitaji kweli, maana MRI inaona makovu na kasoro ndogo ambazo siti skani haizioni. Akaniambia, "Wewe rudisha hela za watu." Nakwambia nilihisi kama nimenyimwa. Tumezoea kwamba kipimo cha bei kubwa ndiyo huduma.

Kwenye dawa alitoa muda mrefu pia. Valproeti ndiyo inayofanya kazi vizuri kwa aina hii, lakini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo kwa msichana wanaikwepa wakiweza. Akamwanzishia levetirasetamu. Wiki mbili za mwanzo alikuwa na hasira za ajabu, alimfokea mpaka paka. Zikapungua.

Nimepiga hesabu kwenye daftari la kikoba. Siti skani 220,000, mganga 180,000, EEG mbili 240,000, ECG na damu 75,000, safari nne 210,000. Jumla 925,000, bila jino na bila saluni. Tungeanza kwa yule daktari, na swali la asubuhi likaulizwa siku ya kwanza, laki tatu zingetosha.

Tangu Juni hajaanguka. Mishtuko bado ipo, michache, akikesha. Vikombe vitano vya udongo viko kabatini; yeye ana kikombe chake cha bati cha asubuhi, na hataki nimwonee huruma juu yake. Daktari alimpa kazi ya kuandika daftari, na mimi siruhusiwi kulisoma, lakini Jumapili alilisahau mezani likiwa wazi. "Nimelala saa saba. Mkono wa kulia, mara moja. Sikuangusha."

Saa saba usiku. Nilimwita. Tutazungumza.